Mali Iliyofunikwa na Lava: Mwenyewe Ni Nani?

Mtu anayeokota sarafu kuukuu katika bustani ya umma, awe ameiona kwa macho au ameigundua kwa kifaa cha kutambulia metali, kwa kawaida huihesabu kuwa mali isiyo na mwenyewe, kwa sababu aliyeipoteza hajulikani na wapekuzi wengi wamekwisha kupita hapo bila kuiona. Hesabu hiyo ina dosari, na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, huidhihirisha kuliko bustani yoyote ya Ulaya, kwa kuwa hapa mali ilifunikwa mbele ya macho ya wenyewe, na wengi wao wangali hai.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa ndani ya ardhi, ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika maduka ya kati, kanisa kuu la Wakatoliki na sehemu ya uwanja wa ndege, na kuwaacha zaidi ya watu laki moja bila makazi. Ilipopoa, watu walianza kuchokoa mabati na vyuma kwa nyundo, kama ilivyotokea tena baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Sarafu ni habari ngumu zaidi: lava hiyo huzidi nyuzi 1000 za Selsiasi ilhali madini ya fedha huyeyuka kwenye 961, kwa hiyo sarafu ya fedha iliyoguswa na moto wenyewe haina umbo tena, na huenda ikabaki ile tu iliyokuwa imefukiwa chini ya udongo, tena mawe ya volkano yana madini ya chuma ambayo hukipigisha kifaa kelele bure. Lakini ugumu wa kupata haujibu swali la haki.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, hutenganisha mambo mawili ambayo mwokotaji hupenda kuyachanganya. Lukata ni mali iliyopotezwa na mtu anayeweza kujulikana; mwokotaji hutakiwa kuzijua alama zake na kuitangaza mwaka mzima kabla ya kuitumia, na wanazuoni wengi husema kwamba hata baada ya mwaka mwenyewe akija hulipwa. Rikazi ni hazina iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, ambayo sehemu yake ya tano huenda kwenye hazina ya umma na inayobaki ni ya aliyeipata. Chapa ya sarafu ndiyo shahidi wa kuwa ni lukata au rikazi. Ile ya faranga 2 ya Kongo ya Wabelgiji, yenye pembe sita na picha ya tembo, imeandikwa mwaka 1943. Hata kama aliyeidondosha amekufa, wajukuu wake wanaweza kuwa wanaishi katika mitaa ya Goma kama Birere au Himbi.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humwamuru aliyeona ng'ombe au nguo ya ndugu yake iliyopotea airudishe, wala asijifanye hakuiona. Marabi waliofafanua amri hiyo walitia katika mizani jambo ambalo sheria nyingi hulipita: je, mwenyewe amekata tamaa? Akiwa amekata tamaa, umiliki wake umelegea. Akiwa bado anatumaini, mwokotaji ni mlinzi tu. Waliongeza kwamba kilichochukuliwa na bahari au mafuriko ya mto ni halali kwa anayekipata, hata mwenyewe akiwa amesimama ukingoni akilia.

Hapo ndipo hoja ya Goma inapokuwa nzito, maana mtu anaweza kusema kwamba lava nayo ni mto. Ni hoja dhaifu. Mto huondoa kitu na kukipeleka kusikojulikana, lakini lava hutulia na kuganda juu ya kiwanja kilekile, na watu wa Goma walirudi, wakajenga tena nyumba za mbao juu ya mawe yaleyale, kila mmoja akijua mahali ulipokuwa mlango wake. Huko si kukata tamaa. Ni kweli kwamba sheria ya tarehe 20 Julai 1973 huifanya ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya Taifa, lakini sheria hiyo huzungumza juu ya ardhi, na sufuria ya mama aliyekimbia usiku haikugeuka kuwa ardhi kwa kufunikwa na lava.

Tofauti na hayo ni misalaba midogo ya shaba iliyochimbuliwa na wanaakiolojia katika makaburi ya Sanga, Katanga, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa fedha ya zama zake, na waliozika waliiweka pamoja na maiti kwa kusudi. Haikupotea, kwa hiyo neno kuokota halifai hapo hata kidogo.

Basi anayechokoa lava ya Goma akakuta kitu chenye alama ya mtu, na ampelekee kwanza shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa anayejua nani alikaa wapi kabla ya moto, kisha akitangaze kanisani, msikitini na redioni, na asikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla mwaka haujaisha.