Ubeti wa Tatu

Ninayo kaseti moja ya dakika 60 ambayo watu wa Kilwa Masoko wanaisifu kwa jambo lisilotokea. Niliirekodi mwenyewe mwaka 1986, harusini, kwa redio kaseti niliyoiweka juu ya kreti la soda mbele ya wapigaji. Mwimbaji alikuwa mama mmoja wa Lindi. Jina lake sitalitaja, na msomaji ataona kwa nini. Siku zile alijulikana pwani yote hii, na alialikwa hata wakati wa masika, barabara ilipokuwa haipitiki.

Wimbo wa mwisho ulikuwa na beti nne. Katika ubeti wa tatu sauti ilimkatika. Si kwamba alisahau maneno. Sauti ilikwenda tu, kama maji ya bomba yanavyokwenda. Fidla ikazunguka ikimsubiri, ikazunguka tena. Ndipo wanawake waliokuwa wamesimama kwenda kumtuza, noti zikiwa bado mkononi, wakauchukua ubeti wenyewe, wakauimba mpaka mwisho, huyu mbele, yule nyuma, kila mmoja kwa sauti aliyojaliwa. Yeye akaingia tena kwenye ubeti wa nne. Watu walisema ni kwa sababu ya mtoto aliyemzika mwezi uliotangulia. Mwenyewe alisema ni mafua.

Asubuhi, kabla hawajaondoka, aliniita. "Mwanangu, kaseti yako usiitoe vile. Pale nifutie." Nikamwahidi. Miezi mitatu baadaye nilikuwa Lindi, akaimba wimbo uleule, sauti imetimia, nikarekodi. Nikaazima redio ya pili nikaunganisha: beti mbili za Masoko, wa tatu wa Lindi, wa nne wa Masoko. Nilikesha, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamishia, nikamaliza betri zote za nyumbani. Mshono unasikika kidogo, tak, lakini lazima ujue pa kusikiliza. Mama alifurahi sana. Nikanakili kaseti kumi, na zile kumi zikazaa nyingine nisizozijua idadi.

Sikuona kosa lolote mpaka mwaka 1990. Ufini ilikuwa ikifadhili miradi katika mikoa ya Lindi na Mtwara tangu miaka ya 1970, ya maji kwanza, na baadaye ya maendeleo ya vijijini, na kwa hiyo Wafini hawakuwa wageni kwetu. Mmoja wao, aliyekuwa akikaa Lindi, alikuwa mpenzi wa Mmarekani Frank Zappa, mpiga gitaa na mtunzi aliyeishi kutoka 1940 hadi 1993, akatoa albamu zaidi ya 60, na ambaye muziki wake wa roki ulikuwa umechanganywa na jazi, vichekesho, na muziki mgumu wa maonyesho wa Ulaya. Mara ya kwanza niliona ni kelele za watu wanaogombana wakiwa na vyombo. Mara ya nne nilianza kucheka walipocheka.

Huyu bwana alirekodi karibu kila onyesho lake. Ukiniuliza ipi ni bora katika rekodi zake za jukwaani, kwa ufundi nitakutajia Roxy & Elsewhere ya 1974, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Hollywood mwezi Desemba 1973; marimba ya Ruth Underwood mle ndani yangemnyamazisha hata fundi wa Kimakonde. Lakini ninayoirudia ni ile ya Helsinki, iliyopigwa Septemba 1974 na kutolewa 1988. Bila shaka yule Mfini aliipenda kwa sababu ni ya kwao. Mimi niliipenda kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuwa mwanamuziki. Katikati ya onyesho anapaza sauti kuomba "Whipping Post", wimbo wa bendi nyingine kabisa. Zappa anamjibu kwamba hawaujui. Angeweza kuikata sauti ile bila mtu kugundua. Aliiacha, na miaka ya baadaye bendi yake ikajifunza wimbo ule, akautoa katika albamu ya 1984. Mlevi au mwenye akili zake, mtu yule wa Helsinki yumo ndani ya rekodi.

Lakini Zappa huyohuyo alikuwa na wembe mkali kuliko wangu. Helsinki ni ya pili katika mfululizo wa majuzuu sita aliyoyatoa kati ya 1988 na 1992, na katika la tatu kuna "King Kong" iliyounganishwa kutoka 1971 na 1982. Miaka kumi na moja katika wimbo mmoja! Tena ile ya 1971 inatoka London, usiku ambao mtu alimsukuma kutoka jukwaani akavunjika mguu na kuumia koo, na sauti yake ikawa nzito maisha yake yote. Nikamwambia Mfini, kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake: basi hata mimi ni Zappa wa Kilwa. Akaniletea kijitabu cha ndani ya kasha akanisomea. Kila wimbo umeandikiwa ulipigwa wapi, mwaka gani, na bendi gani. Nilirudi nyumbani kimya.

Maana mimi sikuandika kitu.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Nimejiambia kwamba kila rekodi ni mkato. Zile kanda za Radio Tanzania tunazozipenda sana, bendi zilizipiga studio Dar es Salaam, wote kwa pamoja, bila wachezaji wala mtu wa kuitikia. Nani anasema huo ndio usiku wa dansi? Hakuna. Lakini pia hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndio. Nimejiambia vilevile kwamba sauti ilikuwa yake, aibu yake, na ombi lake. Hilo ndilo gumu, na bado ni gumu. Mtu akikuambia "nisitiri," huna ruhusa ya kumuuliza kwanza kama sitara hiyo inakubaliana na historia.

Ila kuna mama mmoja wa Masoko, ambaye nilimwona kwa macho yangu akiuimba ule ubeti na noti mkononi. Miaka kama kumi baada ya harusi tulikuwa barazani, kaseti ikapigwa. Akaniambia, na hakuwa akitania, "Usiku ule bibi hakutetereka hata kidogo." Alikuwepo! Kaseti ilikuwa imemwingia kichwani ikamtoa yeye mwenyewe. Nilikuwa nimedhani kwamba nimefuta udhaifu wa mtu mmoja aliyeniomba, kumbe nimefuta na jambo zuri la watu kumi na tano ambao hawakuniomba kitu.

Mwimbaji alifariki mwaka 2009. Mwaka jana binti yake alikuja kwangu na simu. "Shikamoo mjomba, nataka wimbo wa mama niwaachie wajukuu." Nilimweleza yote, na nikamwambia kwamba ahadi ya kufuta sikuitimiza kikamilifu, kwa sababu kaseti ya kwanza ninayo. Akataka kuisikia. Utepe umechoka, sauti inayumba, lakini ubeti wa tatu ulipofika aliinama karibu na redio akaanza kuwataja: huyu bi fulani, huyu marehemu bi fulani, huyu ambaye hajui kuimba ni shangazi. Hakulia kama nilivyotazamia. Alicheka. Kisha akauliza kama mama angekubali, na mimi nikamwambia ukweli, kwamba mama alikataa.

Hatujaamua. Aliondoka na ile iliyounganishwa, kwa kuwa ndiyo mama aliyoiridhia. Kaseti zote mbili bado ziko kwangu, na kwenye kasha la ile aliyoinakili nimeandika kwa kalamu kwamba ubeti wa tatu ni wa Lindi, miezi mitatu baadaye. Sababu sikuandika.