Mkono Kwanza, Neno Baadaye

Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimpelekea John Locke swali: mtu aliyezaliwa kipofu, aliyezoea kutambua tufe na mche mraba kwa kupapasa, akifunguka macho ukubwani atavitambua kwa kuvitazama tu? Locke alijibu kwamba hataweza, na swali lenyewe akaliingiza katika toleo la 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu. Mabishano yaliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 2011 Pawan Sinha na wenzake walieleza habari za watoto wa India waliofanyiwa upasuaji wa macho: muda mfupi baada ya kuanza kuona, walipata shida kubwa kukitambua kwa macho kitu walichokuwa wamekigusa, ingawa hawakuchukua muda mrefu kujifunza. Kwangu mimi, hapo pana funzo kwa kila anayelea watoto wadogo. Kugusa ni elimu kamili, na picha haiwezi kushika nafasi yake. Darasa zima likionyeshwa mchoro wa kifuu na kuitikia kwa sauti moja kwamba kinakwaruza, limejifunza kuitikia.

Wapo watakaosema maumbile yameshafanya kazi ya kuunganisha mguso na kuona. Andrew Meltzoff na Richard Borton waliripoti mwaka 1979 kwamba vichanga wa takriban mwezi mmoja, walionyonya chuchu bandia laini au yenye vinundu bila kuiona, walitazama zaidi ile inayofanana na waliyoinyonya. Nakubali. Lakini vichanga hao walikuwa wameanza kwa kunyonya. Uwezo wa kuunganisha hisi huenda walizaliwa nao. Cha kuunganisha walikipata kinywani.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila neno, mguso hupita ukapotea, kwa kuwa neno ndilo linaloweka pamba, unyoya na sembe katika kundi moja. Ni kweli, na kwa hiyo neno lazima lije, ila lije vidole vikiwa bado kazini. Mpe mtoto unga wa dona kidogo, ausugue kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka azisikie chenga. Kisha mpe sembe, inayoteleza bila kukwama. Hapo ndipo umtajie. Maria Montessori, aliyefungua Casa dei Bambini mjini Roma mwaka 1907, alifuata njia hiyo: mtoto alipitisha vidole taratibu juu ya ubao wenye upande laini na upande wa msasa, na jina likatajwa papo hapo. Wembe na moto vizuiliwe, hilo halina mjadala, lakini katazo hilo lisienezwe hadi kwenye mchanga na magome ya miti. Mtoto aliyeusugua unga mwenyewe anaweza hata kumpinga mwalimu, akasema dona hii imesagwa vizuri kuliko ile ya jana. Aliyekariri tu hana pa kuanzia.