Wanangu, kabla hamjasaini

Wanangu mnaofanya mazoezi jioni hapa uwanjani kwetu, nawasikia mkigombea nani awe Aisha Masaka na nani awe Clara Luvanga. Mna haki. Enzi zetu hatukuwa na wa kumuiga. Aisha alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akatua Brighton, Uingereza. Clara alikuwemo Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana kule India mwaka 2022, kisha akaenda Al Nassr ya Saudia. Njia imeshakanyagwa, na miguu yenu naiamini. Ninachoogopa ni kalamu.

Mimi nilisaini mkataba juu ya boneti ya gari, nje ya uwanja, magharibi inaingia. Kiongozi wa klabu alizikunja kurasa za mbele akaniachia ya mwisho tu. "Weka hapa, dada, tumechelewa." Nikaweka. Nakala sikupewa wala sikuiomba. Niliona kuomba ni kukosa adabu. Mwaka wa pili nikaumia goti vibaya, nikalala kwa mama miezi saba, na kila nikipiga simu naambiwa mkataba wangu hauonekani. Mama aliuza mbuzi wake wawili nikatibiwe. Mpaka leo namwona akifungua zile kamba asubuhi ile, kimya, bila kunitazama.

Kwa hiyo nakala daini, yenye saini za pande zote mbili. Isomeni nyumbani, pamoja na mtu anayejua sheria. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya miaka 3. Anayewaletea mkataba wa miaka 5 anawaibia ujana wenu. Mishahara ya miezi 2 isipolipwa, mna haki ya kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na isipolipa, kuvunja mkataba. Na uzazi si kosa: tangu 2021 kanuni hizo zinatoa likizo ya wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipokuwa mjamzito, klabu yake, Lyon, haikumlipa mshahara wake wote. Akapeleka shauri FIFA, na mwaka 2022 ikaamuliwa alipwe zaidi ya euro 82,000. Yeye alikuwa na karatasi mkononi. Mimi nilikuwa na goti bovu tu.

Dirisha la usajili likifunguliwa viongozi wa klabu watakuja na bahasha nene na haraka nyingi. Waambieni kwa heshima wasubiri hadi kesho. Usiku huohuo nileteeni karatasi hizo tuzisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Nyumbani kwangu mnapajua, nyuma ya msikiti, na taa ya barazani siizimi mapema.