Uongo wa Saa Mbili Asubuhi

"Umemeza?"

"Nishameza, mum."

Mazungumzo yenyewe ni hayo tu. Kila siku, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mama hunipigia kutoka Nakuru kabla hajapanga nyanya na vitunguu vyake sokoni. Hataji jina la dawa wala la ugonjwa. Anauliza neno moja, najibu, anasema "haya, siku njema," simu inakatika.

Kuna siku tano mwaka jana ambapo jibu hilo lilikuwa uongo. Siku hizo zilishapita, lakini swali zilizoniachia bado nalibeba: je, mtu akiamua kutomeza dawa zake mwenyewe, amemkosea nani?

Nianze na ratiba, kwa sababu asiyeishi nayo hudhani ni jambo la kumeza tembe na kuendelea na maisha. Nina lupus. Ni ugonjwa ambao askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na viini, wanaanza kupiga watu wa nyumbani: viungo, ngozi, damu na, kwangu mimi, figo. Kabla haujapata jina nilitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na nikaambiwa nipunguze mawazo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo likiwa tupu, ni mikofenolati. Saa mbili, baada ya chai na mkate, ni prednisoloni na haidroksiklorokwini. Prednisoloni haipendi tumbo tupu, na ukiimeza usiku utalala macho wazi ukihesabu mabati. Saa saba mchana, pamoja na chakula, ni tembe ya kalisi na vitamini D, kwa sababu prednisoloni inakula mifupa polepole. Saa kumi na mbili jioni ni mikofenolati tena, mara nyingi nikiwa ndani ya matatu Thika Road, chupa ya maji mkononi, jirani yangu akijifanya haangalii. Saa tatu usiku ni ya presha, ya kulinda figo. Tumbo likichoma siwezi kununua tu dawa ya kiungulia pale dukani, kwa sababu inaweza kuzuia zingine kuingia mwilini, lazima nizitenganishe kwa masaa. Kila baada ya muda kuna kupimwa damu na mkojo, na kuna daktari wa macho, kwa sababu haidroksiklorokwini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kudhuru jicho.

Hiyo ndiyo siku nzuri. Hapo hakuna foleni, hakuna chemisti kuniambia "hiyo imeisha, jaribu wiki ijayo", na pesa iko.

Sasa, hizo siku tano. Binamu yangu alikuwa na ruracio siku ya Jumamosi. Prednisoloni ilikuwa imenipa uso wa mviringo, mashavu yamejaa mpaka macho yanatafutwa. Kinachochekesha ni kwamba watu wetu hukusifu. "Umenona! Nairobi inakulisha vizuri!" Mtu wa mtaani alishawahi kuniuliza ni biashara gani nimeanza. Unatabasamu, unasema "ni Mungu tu," halafu unaenda chooni kulia. Nilijua Jumamosi hiyo kutakuwa na picha, na tata zangu wote watanishika mashavu. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi niliamua kuacha prednisoloni. Hizo zingine niliendelea nazo. Nilijiambia ni moja tu.

Nilijua si vizuri kuiacha ghafla. Nilishaambiwa. Mwili wenye afya hujitengenezea homoni ya kortisoli kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo. Ukipewa prednisoloni kwa miezi, tezi hizo zinaona kazi inafanywa na mtu mwingine, zinalala. Ukiiondoa kwa siku moja, hakuna wa kufanya kazi hiyo: nguvu zinaisha, presha inashuka, unatapika. Ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo, ili tezi ziamke. Niliyajua yote haya, na niliacha. Aristotle aliwahi kujiuliza inawezekanaje mtu ajue jema na bado afanye kinyume chake. Wagiriki waliuita udhaifu huo akrasia. Mimi ninaujua kama Jumatatu.

Ijumaa asubuhi nilianguka nikipanda matatu Roysambu. Makanga ndiye aliyenidaka. "Madam, uko sawa?" Sikuwa sawa. Hospitali niliulizwa mapokezi kama nimekuwa nikimeza dawa zangu, nikaitikia kwa kichwa. Uongo wa siku tano ulikuwa umeshazoea kutoka wenyewe.

Mama alifika saa kumi jioni, bado amevaa aproni ya soko chini ya sweta. Daktari alikuwa mgeni kwangu, kijana, mpole. Aliuliza tena: dawa zinamezwa sawasawa? Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu.

"Kila siku, daktari. Mimi mwenyewe humuuliza kila asubuhi."

Daktari akaandika. Halafu akaanza kufikiri kwa sauti: kama mgonjwa anameza kila kitu na bado amefika hapa, basi huenda lupus imewaka upya, huenda dawa hizi zimeshindwa, itabidi tufikirie kitu chenye nguvu zaidi. Nilimsikiliza akijenga nyumba nzima juu ya neno la mama, na neno la mama lilikuwa limejengwa juu ya langu.

Nikasema, "Mum, sijameza prednisoloni tangu Jumatatu."

Hakupiga kelele. Alitazama mkoba wake kwa muda, akaufunga zipu ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Kisha akasema, taratibu, "Na mimi nimeshamwambia daktari."

Tangu siku hiyo nimejaribu kutafuta kosa langu lilikuwa wapi hasa.

Jibu la kwanza, ambalo vijana wengi tunalipenda, ni kwamba hakuna kosa. Mwili ni wangu. John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alisema mtu mzima asilazimishwe jambo kwa sababu tu eti litamfaa. Sababu ya kumwingilia ni kuzuia asidhuru wengine. Kuna ukweli hapa ambao sitaki kuuacha. Uso unaovimba ni wangu. Ni mimi nisiyelala. Daktari aliponiandikia mikofenolati aliniuliza kama nina mpango wa kupata mtoto karibuni, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Hilo si swali ambalo jamii inaweza kunijibia. Mgonjwa asiye na haki ya kukataa hata kidonge kimoja amekuwa chombo cha kuwekea dawa.

Jibu la pili ni lile la nyumbani: mwili wako si wako peke yako. Mama alikopa kwenye chama chake mara mbili kwa ajili yangu. Mjomba aliuza ndama. Kuna kundi la WhatsApp la familia lenye jina langu na alama ya mikono inayoomba. Kuruka dozi ni kutupa nyanya za mama barabarani. Hili nalo lina uzito, ila nikilifuata mpaka mwisho linaniogopesha. Kama anayelipa ndiye mwenye mwili, basi mgonjwa tajiri ana uhuru na mgonjwa maskini ana wenyewe. Tena najua mama hakulipa ili aninunue. Ukimwambia anakudai atakutukana.

Jibu la tatu ndilo lililonikalia zaidi: huenda niliyemkosea ni mimi mwenyewe, yule wa baadaye. Mwanafalsafa wetu John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi alivyoona Mwafrika wa jadi akiuelewa wakati. Sasa ni haya tunayoyaishi pamoja na yale yaliyo karibu kabisa kutokea. Zamani ni bahari ambamo kila kitu huzama. Wakati ujao wa mbali, kwa maoni yake, karibu haukuwepo, kwa kuwa mambo yake bado hayajatokea. Wengi walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, na nadhani walikuwa na hoja: anayepanda mwembe anajua kesho ipo.

Lakini ukiwa mgonjwa wa kudumu unaona Mbiti alikuwa amegusa kitu. Dawa zangu zimegawanyika hivyo hivyo. Prednisoloni ni dawa ya sasa. Ndugu yake wa kwanza, kotisoni, alipojaribiwa na Philip Hench kwa mgonjwa wa baridi yabisi kule Marekani mwaka 1948, mwanamke aliyekuwa hawezi kujiinua alitembea baada ya siku chache. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wakapewa Tuzo ya Nobel. Halafu ndipo gharama zake zilipozidi kuonekana: nyuso kuvimba, mifupa kudhoofika. Haidroksiklorokwini ni kinyume chake. Unaimeza wiki hata miezi bila kuona lolote, na siku ikifanya kazi vizuri kabisa, kinachotokea ni kwamba hakuna kinachotokea. Unatakiwa kumtumikia kila asubuhi mtu usiyemjua, mwanamke wa miaka hamsini mwenye figo zake mbili, ambaye hawezi kukupigia simu kusema asante.

Je, nina deni kwake? Nafikiri ndiyo, kwa kiasi fulani. Ila hata yeye hana haki ya kuninyang'anya leo yote. Kama kumtunza kunamaanisha mimi wa sasa nisitoke, nisipigwe picha, nisicheke bila kuangalia saa, basi atafika hamsini akiwa na figo nzuri na hana cha kukumbuka. Kati ya sisi wawili kuna mazungumzo ya kufanywa, na mazungumzo hayo yana mahali pake: chumba cha daktari. Ningeweza kwenda nikasema, "Nimechoka na huu uso, tunaweza kupunguza?" Labda angesema ndiyo, polepole. Labda angesema bado. Vyovyote vile, ningekuwa nimekataa nikiwa nimesimama mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipofika, baada ya kuzunguka kote huko. Haki ya kukataa dawa ninayo, na sitaki mtu aniondolee. Ambayo sikuwa nayo ni haki ya kukataa kwa siri huku nikimwacha mama akiwa shahidi wangu. Nilipomwambia "nishameza" sikumficha habari za mwili wangu tu. Nilimkabidhi maneno ambayo angeyabeba kwa uaminifu wake wote mpaka mbele ya daktari, na daktari angeyageuza kuwa dozi. Mill mwenyewe angelikubali hili: hapa hatuko tena kwenye mambo yangu binafsi. Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya mteja kwa nyanya iliyooza alitoa ushahidi wa uongo, na hakujua.

Lakini nisijipige peke yangu. Uongo wangu ulikuwa na udongo wa kuota. "Umemeza?" ni swali lenye jibu moja tu linaloruhusiwa. Ukijibu "hapana" unatarajia hofu, maombi, shangazi kupigiwa simu, mahubiri ya nusu saa kuhusu ndama wa mjomba. Hospitalini pia tunaulizwa hivyo hivyo, kalamu ikiwa tayari imeelekea kwenye kisanduku cha "ndiyo". Tunawataka wagonjwa wawe wakweli, halafu tunawaandalia adhabu wakisema kweli. Anayeuliza naye ana wajibu wa kuliacha jibu gumu lipite mlangoni.

Jumamosi hiyo ruracio ilifanyika bila mimi. Niliona picha nikiwa kitandani, dripu mkononi. Uso wangu, kwa taarifa yenu, ulikuwa haujapungua hata kidogo.

Siku hizi saa mbili na dakika kumi simu bado inalia. Mama alibadilisha swali bila kutangaza. Anasema, "Leo imekuwaje?" Mara nyingi nasema vizuri, na ni kweli. Wiki tatu zilizopita nilimwambia, "Mum, ya saa kumi na mbili imenishinda. Nimeiangalia tu mkononi, nikairudisha."

Akanyamaza. Nilisikia soko nyuma yake, mtu akibishana kuhusu bei ya hoho. Nilingojea ndama.

"Sawa, mami," akasema mwishowe. "Umpigie daktari umwambie hivyo hivyo. Na chai, umekunywa?"

Sikuwa nimekunywa. Nikamwambia.