Baada ya Dhoruba



Usiku wa Jumamosi, 31 Januari 1953, katikati ya majira ya baridi, dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya pwani ya mashariki ya Uingereza. Kisiwa cha Canvey, penye mlango wa mto Thames, ardhi yake iko chini ya kimo cha maji makuu, nacho hulindwa kwa kuta. Usiku ule kuta zilibomoka. Watu walipanda juu ya paa na nguo zao za kulalia, na wako waliouawa na baridi, si maji. Waliokufa kisiwani walipita 50. Maelfu walihamishwa.

Baadaye walirudi kuzitazama nyumba zao. Twaweza kuwaona: mlango umevimba, haufunguki; ndani ni tope tupu. Nani angewalaumu kwa kutazama kwanza kitanda na kabati? Sisi nasi, mvua ikikatika, twakimbilia mabati yetu. Twaungama kwamba mara nyingi safari yetu huishia hapo.

Lakini kule Canvey, kabla ya mtu kuuliza habari za vyombo, mashua zilipita kati ya nyumba kuwatafuta waliosalia.

Bwana wetu alipofundisha juu ya nyumba mbili, ya mwambani na ya mchangani, hakutaja kazi ya jirani upepo ukiisha kutulia. Hiyo aliieleza kwingine, katika habari za yule Msamaria.

Jumapili hii, baada ya Ibada, tubaki kidogo tuandike majina ya wakaao peke yao mtaani mwetu, na nani atakayebisha hodi kwa nani.