Kabla Mvua Haijagonga Bati

Wanangu na wajukuu mnaopanga vyumba Mwendakulima, Mwime na Kahama mjini, nawaandikia Oktoba hii, vumbi bado linatimka barabara ya Isaka na mawingu yanapita bila kushuka, kwa kuwa bado mna wiki mbili tatu za nafasi ya kutengeneza vyumba vyenu. Novemba mvua ikishika, nani atakaa nyumbani? Mwenye jaruba atashinda kwenye maji, wa bodaboda atahangaika na tope, na kabla hamjapumua Januari imefika na sare na madaftari yake. Chumba ambacho hakijatengenezwa sasa kitabaki hivyo hivyo mpaka mpunga uvunwe.

Vyumba hivi navijua. Mgodi wa Buzwagi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2009, watu walimiminika na nyumba za kupanga zikajengwa mbio mbio: futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja, bati bila dari. Mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Eneo la mgodi limetengwa kwa ajili ya viwanda, wageni wengi wakaondoka, na waliobaki wakashika mpunga, biashara na maduara ya wachimbaji wadogo. Vyumba havikuongezeka hata shubiri moja, ila vitu viliongezeka. Leo chumba kilekile kinalaza baba, mama na watoto wawili, pamoja na magunia ya mahindi, pikipiki, majembe, bomba la kupulizia dawa, na mara nyingine kichupa cha zebaki.

Hapo kwenye zebaki ndipo ninapotaka muanzie. Kabla ya kununua msumari hata mmoja, toeni ndani vitu visivyostahili kulala na binadamu.

Najua mnaosafisha dhahabu mwaloni mnarudi na zebaki mfukoni kwa sababu ni ghali na mnaogopa itaibwa. Inawekwa chini ya godoro au juu ya kabati la vyombo. Wanangu, zebaki haingoji moto ndipo idhuru. Hata ikiwa imetulia inatoa mvuke, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Usiku wa mvua, dirisha limefungwa, mnauvuta wote mpaka asubuhi, na mtoto aliye tumboni naye anapata fungu lake. Sumu hiyo inashika mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, usingizi unakata, mtu mpole anageuka mwenye hasira na hajui kwa nini. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa uliowapata, uliogunduliwa mwaka 1956, ukaitwa kwa jina la mji wao. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki nao umepewa jina hilohilo, na Tanzania imeuridhia. Kama bado hujaweza kuachana nayo, iwe kwenye chupa inayofunga kabisa, ndani ya sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba mnayolala. Kuichoma ndani kwenye jiko la mkaa, hilo nakataza kama mzazi.

Karai la kuchanganyia zebaki nalo. Nimeingia nyumba moja nikamkuta binti anakanda unga wa maandazi kwenye karai ambalo mumewe aliliazima jana yake mwaloni. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga, linang'aa, na yeye alikuwa anajivunia usafi wake. Nilishindwa hata kukaa. Karai la mwaloni libaki mwaloni, mlipake rangi nyekundu ukingoni ili hata mgeni alijue.

Dawa za pamba na za magugu ni vivyo hivyo: nje, juu, zimefungiwa. Chupa yake ikiisha isioshwe ikawekwa mafuta ya kula au maji ya mtoto.

Mkishatoa hayo, sasa tupange. Katika chumba kidogo ghala lenu ni kitanda. Tafuteni tofali za saruji za inchi 6, mbili mbili kila mguu zikiwa zimelazwa, na hapo mmepata futi nzima ya nafasi chini yake. Jaribuni kukitikisa kabla ya kulala, kisiyumbe. Lakini magunia yasiguse sakafu. Pangeni chaga ya mbao chini, kisha magunia juu yake, na acheni upana wa kiganja kati ya gunia na ukuta ili hewa ipite, fagio lipite na panya asipate pa kujificha. Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliegemeza gunia la karanga za mbegu ukutani. Mvua ya kwanza ikapenyeza maji chini ya ukuta, kimya kimya. Siku tulipolinyanyua ili tukapande, kitako cha gunia kilikuwa cheusi kwa ukungu na karanga za chini zimeota mizizi myeupe kama nyuzi. Tulipanda nusu ya shamba.

Mahindi msiyafungie yakiwa na unyevu. Sina kipimo cha madukani. Nachukua chupa ya kioo iliyokauka, natia mahindi kama robo yake na kijiko cha chumvi kavu, naziba, natikisa vizuri, kisha naiacha itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani. Ikishuka yote chini, yako tayari kwa kuhifadhiwa. Kwa chumba kidogo napenda ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kwa kuwa haitaki dawa, na dawa ya unga ndani ya chumba cha kulala mimi siitaki. Kila mfuko wa ndani ukamuliwe hewa na ufungwe peke yake kwa kamba, kisha wa nje. Wadudu walioingia na nafaka wanakosa hewa na kufa. Mnamjua dumuzi, yule ambaye wakulima walimpa jina la Skania? Hapa Afrika alionekana kwanza kwa jirani zetu Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anatoboa mpaka mbao. Kwa hiyo nafaka ya zamani yenye vumbi lake isibaki pembeni ya mfuko mpya.

Michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, wekeni kwenye ndoo zenye mfuniko, zinapangika moja juu ya nyingine. Msiache kuviweka hata kama mnaishi mjini. Februari chakula kikipanda bei, ndoo moja ya michembe na karanga kidogo inavusha watoto siku nyingi.

Kwenye kenchi mwombeni kwanza mwenye nyumba, kisha lazeni mbao mbili tatu. Huko juu pandisheni vitu vyepesi tu: mablanketi, mfuko wa shangazi kaja wenye nguo za sikukuu, viatu vya shule. Gunia lisipande, kenchi za nyumba hizi ni nyembamba. Chandarua kifungwe pembe nne kwa misumari ili kisiwaangukie usiku, maana mbu wanakuja na maji.

Karatasi zenu, yaani kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, mkataba wa pango na leseni ya uchimbaji kwa aliye nayo, tieni zote kwenye mfuko mzito wa nailoni, kisha kwenye kopo la bati lenye mfuniko, na kopo hilo litundikwe. Mchwa wa huku hawachagui kati ya boksi na cheti cha kidato cha nne.

Jiko la mkaa tafadhali lisilale ndani. Mvua ikinyesha mnashawishika kuliingiza lipashe chumba, mnafunga mlango, na hewa yake yenye sumu inawachukua mkiwa usingizini. Afadhali mjibane na blanketi moja. Tengenezeni upenu mdogo wa bati nje ya mlango, jiko likae hapo, na ukutani pembeni pigeni misumari mirefu ya jembe, panga na koti la mvua, ili anayetoka alfajiri avichukue bila kuwasha taa na kuamsha watoto.

Nyundo na msumeno viko kwangu. Anayetaka aje Jumamosi asubuhi na mbao zake, na mwenye mtoto mchanga aje naye, nitamshika wakati mnapiga misumari.