Ukoka na Swali la Umauti

Vitabu vitakatifu, Kurani na Biblia kwa pamoja, vimeufananisha uhai wa mwanadamu na majani yachipukayo kwa mvua kisha yakakauka. Nami, nilipokuwa nikiutazama wakati wa kiangazi ukingo wa Newala, ambapo macho hushuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde hadi bonde la Ruvuma, nilijiuliza ni majani gani hasa yaliyokusudiwa.

Kwani ukoka haufi upesi hivyo. Mkulima wa mikorosho, apaliliaye chini ya miti yake ili korosho zikidondoka zionekane, huulaani, na ana haki, maana kila pingili iliyokatwa na jembe huota tena, na mashina yatambaayo chini ya ardhi hayajali jua wala moto. Lakini jirani yake huzichukua pingili zizo hizo, akazipanda mvua za Desemba zikishika, ili mchanga wa mteremkoni usichukuliwe na maji. Na mbuzi, wasio na falsafa, hula bila kuuliza.

Watu nao huweza kuwa kama ukoka. Huko Masasi, chini ya majabali, Askofu Steere, mmisionari, aliwafikisha mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 wakavamiwa, wengine wakauawa, wengine wakatekwa, na baadaye makazi yakachipuka tena. Basi uhai ni wa jani, ama wa shina lisiloonekana? Wanazuoni watanijibu kwamba ni wa shina. Mimi, ambaye elimu yangu ni haba, nadhani jani lile lililokauka nalo lastahili kuliliwa.